Ujana wa Timotheo Mbele ya Wazee Wetu

Kila mwaka wanafunzi wa somo la Elimu ya Dini ya Kikristo hukariri kwamba Timotheo aliambiwa asikubali mtu kuudharau ujana wake. Wachungaji vijana nao, kuanzia Bungoma hadi Kitale, huyashika maneno hayo kila mzee anapokohoa katika baraza la kanisa. Kwa maoni yangu, tunaisoma barua hiyo nusu na kuifunga.

Timotheo hakuwa mtoto. Alikuwa mwenyeji wa Listra, mwana wa Eunike na mjukuu wa Loisi, na kwa Wayunani hata mtu aliyepita miaka 30 aliweza kuitwa kijana. (Tangu karne ya 19 wataalamu wengi wameshuku iwapo Paulo mwenyewe ndiye aliyeziandika barua hizi mbili, pamoja na ile ya Tito. Walimu wasiwafiche wanafunzi jambo hilo.)

Hapa kwetu suala la umri lina uzito wake. Miongoni mwa Wabukusu, tohara hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila kijana huingia katika mojawapo ya marika manane, kama vile Kolongolo, Maina au Sawa. Rika humwonyesha nani ni mwenziwe na nani ni baba yake, hata kama hawakuzaliwa nyumba moja. Msibani, mneni wa kumuse ni mzee, si kijana mwenye shahada. Kisha chuo cha theolojia humleta mtu wa miaka 26 awaongoze baba zake! Kitale mambo ni tofauti kidogo. Mashamba ya walowezi yalipogawanywa baada ya uhuru wa 1963, Wabukusu, Wasabaot, Wakikuyu na wengineo wakawa majirani, na katika baraza la kanisa hakuna ngazi moja ya marika inayotambuliwa na wote. Efeso, alikoachwa Timotheo, nako kulikuwa mji wa bandari wenye watu wa kila namna.

Niliwahi kushuhudia usharika mmoja ukigawanyika baada ya mchungaji kijana kumtaja mzee mimbarani kuhusu fedha za mahindi ya mavuno. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Laiti angaliufungua ukurasa uliofuata! Humo kijana huagizwa amsihi mzee kama baba, wala asipokee mashtaka dhidi yake bila mashahidi wawili au watatu. Yakithibitika, hapo ndipo aonye hadharani. Tena barua iyo hiyo yakataza kumpa uaskofu mtu aliyeongoka karibuni. Miaka ya kuzaliwa na miaka ya imani ni hesabu mbili, nasi aghalabu twazichanganya.

Mwishoni mwa barua ya pili mwandishi yumo kifungoni. Anamwomba Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu, naye afike kabla ya majira ya baridi. Yule aliyepewa mamlaka ya kuwaonya wazee ndiye anayetumwa kumbebea mzee nguo. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza iwapo Timotheo alifika kwa wakati. Barua haisemi.