Nyuma ya Pazia: Kazi za Kundi Dogo la Wachezaji Wasafirio

Wengi wenu mmekwisha kuuona mchezo wetu wa Juliasi Kaizari, ama hapa shuleni, ama katika mojawapo ya zile shule nne tulizozitembelea wakati wa likizo. Mliwaona Warumi katika mashuka yao, mkasikia ngurumo, mkamwona Kaizari akichomwa visu. Lakini nyuma ya pazia hamkumwona mtu, na ndivyo inavyotakiwa. Leo nataka kuwaeleza mambo ya huko nyuma, kwa sababu ndiko nilikokaa safari nzima. Tena mwakani kundi litahitaji watu wapya, nami nitakuwa nimekwisha kuondoka.

Tulikuwa wachezaji kumi, na mimi, na mwalimu wetu, na dereva wa lori. Mchezo wenyewe ni wa Shakespeare. Mwalimu Julius Nyerere aliutafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, na tafsiri aliyoisahihisha ikatolewa mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Una wahusika zaidi ya thelathini, bila kuhesabu raia na askari. Je, watu kumi watawezaje kuwa watu thelathini? Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kundi dogo, nayo hufanywa mezani kwa karatasi na kalamu, kabla mtu hajavaa kitu.

Hesabu yake huanzia kwa wafu. Casca haonekani tena baada ya Kaizari kuuawa. Basi mchezaji wake huwa askari katika vita vya mwisho. Cinna mshairi huingia mara moja tu, raia wakamwua kwa sababu ya jina lake, kisha hufufuka akiwa mjumbe. Kijana wetu mmoja wa kidato cha pili alikuwa mke wa Brutus, halafu mke wa Kaizari, na mwishoni akawa Octavius, jemadari. Kati ya wake hao wawili alikuwa na nafasi ya mistari karibu thelathini tu. Hakuweza kubadili vazi zima, kwa hiyo alivua ushungi wa buluu akajitanda wa manjano, akabadili na mwendo wake. Watazamaji waliona wanawake wawili.

Wako waliomcheka kijana huyo kwa kuvaa nguo za kike. Nawaambia kwamba katika Uingereza ya Shakespeare wanawake wote katika michezo walichezwa na wavulana. Huko Ghana nako, makundi ya kuimba na kuchekesha yaliyozunguka vijijini zamani yalikuwa mara nyingi ya wanaume watatu tu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa bibi. Uchache wa watu si aibu. Msafiri mmoja wa Uswisi, Thomas Platter, aliandika kwamba mwezi wa Septemba 1599 aliona katika London mchezo wa Julius Caesar ukichezwa na watu wapatao kumi na watano. Sisi tulipungukiwa na watano tu.

Kazi ya pili ni mizigo. Tulikuwa na masanduku mawili, moja la mavazi na moja la vyombo: visu vya mbao vilivyopakwa rangi ya fedha, mataji ya majani, barua, na bakuli la damu, ambayo ilikuwa maji ya choya yaliyokolezwa kwa unga. Juu yake palikuwa na bati la kupigia ngurumo, fito nne, kamba na pazia. Kanuni ya upakiaji ni moja: kinachohitajiwa kwanza hupakiwa mwisho. Ukiweka fito chini ya masanduku, basi utashusha lori zima kabla ya kusimamisha nguzo moja, na jua litakuchwa ukiwa bado unafungua kamba.

Kazi ya tatu ni kukipima kiwanja, kwa maana hakuna pahali panapofanana na pengine. Shule moja ilitupa ukumbi mzuri, nyingine ilitupa darasa lenye mlango mmoja, na mbili zikatupa uwanja wa nje. Mwalimu alitufundisha tuangalie mambo matatu. La kwanza ni jua: mchezo ukianza alasiri, usiwakalishe watu wakilitazama, maana wataona vivuli tu. La pili ni upepo: heri uvume kutoka kwa wachezaji kwenda kwa watu, upate kuichukua sauti. La tatu ni ukuta: ukuta nyuma ya wachezaji huirudisha sauti mbele, lakini uwanja mtupu huimeza. Kisha tulichora chini kwa majivu mipaka ya jukwaa, na kila mchezaji akatembea njia zake zote kimya kimya, aone ni hatua ngapi kutoka pazia hadi kiti cha Kaizari.

Huenda mtu akauliza, kwa nini taabu yote hii? Kwa nini watu wasije wenyewe mchezo uliko? Wengine walisafiri kwa kulazimishwa. Tauni ilipoingia London katika miaka ya 1592 hadi 1594, nyumba za michezo zilifungwa kwa muda mrefu, na makundi yakafunga safari kwenda miji ya mbali kutafuta riziki. Lakini wako waliosafiri kwa kupenda. Hapa kwetu Uganda, mwaka 1965, wanafunzi wa Makerere na mwalimu wao David Cook walianzisha kundi la kusafiri, wakazunguka Uganda na Kenya wakicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, wala hawakutoza kiingilio. Katika miaka ya 1970 John Ruganda, mwandishi wa michezo wa Uganda, alianzisha kundi la namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hao waliona kwamba mtu wa kijijini asiye na nauli ya kwenda mjini naye ana macho na masikio. Sisi tumefuata nyayo zao kwa hatua fupi.

Sasa sina budi kueleza kosa langu, maana bila hilo maelezo haya hayatakuwa ya kweli.

Mimi nilitaka kuwa Brutus. Niliyajua maneno yake yote. Mwalimu alimpa mwenzangu, na mimi akanipa kitabu, nikae nyuma ya pazia niwakumbushe waliosahau, na niwape vyombo kila waingiapo. Nilikubali kwa mdomo, lakini moyoni nilinung'unika. Katika shule ya pili tulifika mahali pa kuuawa kwa Kaizari. Kazi yangu ilikuwa kuwapa bakuli la damu. Nami nilikuwa nimesimama nikiyasema maneno ya Brutus kwa midomo bila sauti, kana kwamba ni yangu, na bakuli likabaki miguuni pangu.

Kaizari akaanguka. Brutus akawaambia wenzake wainame waoshe mikono katika damu yake, na damu haikuwapo. Watoto waliokaa mbele wakaanza kucheka. Nilihisi baridi mwili mzima, kwa kuwa mchezo wote umejengwa juu ya kifo kile. Watu wakikicheka, hakuna tena kitakachowagusa. Yule mwenzangu hakutazama nyuma. Alipiga magoti polepole, akaweka viganja vyote viwili juu ya kifua cha Kaizari, akakaa hivyo bila neno. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Kicheko kikafa.

Maiti ilipoletwa nyuma, nilipata nafasi fupi kabla Antony hajaichukua tena kwenda kuwahutubia raia. Nilimimina bakuli zima juu ya joho la Kaizari. Antony alipolifunua mbele ya watu, likidondoka, mama mmoja aliyekuwa amembeba mtoto alijifunika uso.

Usiku ule nilimwendea mwenzangu kumwomba radhi. Aliniambia, "Ndugu yangu, nikiwa mbele siwezi kuona nyuma. Nakutegemea wewe." Hakuongeza neno. Mwalimu naye hakunigombeza, ila alitueleza desturi ya wachezaji wa Uingereza wa zamani. Hao hawakupewa kitabu kizima. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia. Na nyuma ya jukwaa ulitundikwa ubao wa karatasi ngumu ulioandikwa kwa taratibu: nani aingie, pamoja na nani, na kwa chombo gani. Baadhi ya mbao hizo zimehifadhiwa hadi leo, na tundu la kutundikia huonekana.

Asubuhi tulikata kipande cha katoni, tukaandika cha kwetu kwa kalamu nyeusi, tukakitoboa tundu. Tangu siku hiyo kila chombo kilitiwa alama mkononi mwa mwenyewe kabla hajaingia, na katika shule mbili zilizobaki hatukukosa hata kisu kimoja. Nami nikaacha kuyasema maneno ya Brutus. Niliyasikiliza, na kwa kweli mwenzangu aliyasema vizuri kuliko mimi.

Katoni hiyo iko katika sanduku la vyombo, juu kabisa. Ninyi wa vidato vya chini mtakaotaka kuingia katika kundi, msiombe kwanza sehemu ya mfalme. Ombeni kukaa siku moja karibu na ule ubao. Nanyi wanafunzi wa zamani, pazia letu limechanika mahali pawili kwa upepo wa safari. Aliye na kitambaa kizito cheusi atusaidie, ili watu waendelee kutotuona.