Gita Linalongoja Zamu Yake

Kwenye santuri zake, mwanabluzi B.B. King hapigi gita huku akiimba. Akiimba, vidole vimetulia. Akinyamaza, gita linaingia na kumjibu. Wala hakulificha jambo hilo, alisema waziwazi kwamba kuyafanya yote mawili kwa wakati mmoja hakuwezi. Asiyemjua atasema huo ni upungufu wa mpiga gita. Mimi nimeizungusha santuri yake ya Live at the Regal mpaka pembe za jalada zimechanika, na naona hapo hasa ndipo alipowapita wengi.

Santuri hiyo ilirekodiwa tarehe 21 Novemba 1964 mbele ya watu, katika ukumbi wa Regal mjini Chicago, ikatoka mwaka uliofuata. Ina nyimbo 10, tano kila upande, na yote haifiki dakika 40. Mwaka 2005 iliingizwa katika orodha ya rekodi ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani inazihifadhi kama urithi wa taifa. Hapa Shirimatunda, Moshi, tuliipa alama zetu wenyewe, na hilo ndilo jambo ninalotaka kulieleza: namna watu wa kawaida wanavyoweza kuketi, wakasikiliza santuri ya gita mwanzo hadi mwisho, kisha wakasema kwa haki ina uzito gani.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya. Jumapili baada ya ibada, jua likishapoa, watu huanza kuingia barazani kwangu. Yupo mwalimu mstaafu, ambaye hakuna anayeketi kabla ya kumpa shikamoo yake. Yupo mangi mmoja aliyepuliza tarumbeta miaka mingi katika bendi ya usharika wa Kilutheri kule Machame. Yupo mama anayeimba sauti ya pili kwenye kwaya. Na yupo kijana anayetengeneza midundo ya bongo fleva kwenye kompyuta, anatuita sote "wazee wangu" na anatubishia sote vilevile. Mke wangu huleta chai ya tangawizi na ndizi za kuchoma, kisha naye huvuta kiti.

Kabla ya sindano kugusa santuri, sabufa naizima. Wageni hununa, maana siku hizi muziki usiotikisa kifua unaonekana mgonjwa. Lakini besi iliyozidi hulifunika gita, na ukishalifunika huwezi tena kusikia kidole kinafanya nini juu ya uzi. Spika mbili naziinua juu ya stuli ziwe sawa na masikio ya mtu aliyeketi, nazigeuza kidogo zitazamane na viti, basi. Hiyo ndiyo mitambo yote inayotakiwa.

Upande mmoja unapigwa mpaka mwisho bila mtu kusema neno. Sindano ikiinuka, kila mmoja anaandika alama yake juu ya 10 kwenye kipande cha karatasi na kukikunja, ndipo mazungumzo yanaanza. Utaratibu huu aliuleta mwalimu. Alituambia kwamba tukianza na maneno, vijana watafuata alama ya mzee na mzee atafuata ya mwenye santuri. Na ukishafungua karatasi yako sharti utaje mahali: wimbo gani, beti gani, gita lilifanya nini. Mtu akisema tu "imenigusa", tunamrudishia karatasi.

Tatizo la mara ya kwanza tulipoisikiliza santuri ya King lilikuwa kwamba wengi wetu tuliijua bluzi kwa jina tu, kama ule muziki wa taratibu wa kuchezea wawili wawili disko linapokaribia kufungwa. Bluzi yenyewe ni muziki wa Wamarekani Weusi wa majimbo ya kusini, watoto na wajukuu wa watumwa, waliolima pamba katika mashamba yasiyo yao. B.B. King alizaliwa katika mazingira hayohayo, jimbo la Mississippi, mwaka 1925, na pamba aliichuma kwa mikono yake kabla hajaishi kwa gita.

Umbo lake si gumu kwa mtu aliyezoea mashairi. Beti ina mistari mitatu: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalifunga. Chini ya beti muziki unatembea hatua 12, kila hatua mapigo manne, kisha unarudi ulikoanzia na beti nyingine inashika. Sasa sikiliza vizuri hapa. Kila mstari umepewa hatua nne, lakini maneno hayazijazi. Mwimbaji anamaliza karibu katikati, na nusu iliyobaki iko wazi. Nafasi hiyo ndiyo shamba la gita. Mama wa kwaya aliitambua kabla yetu sote. "Huyu anajiitikia mwenyewe," akasema, na kweli ni mwimbishaji na waitikiaji ndani ya mtu mmoja.

Namna anavyoitikia ndiyo inayotenganisha alama ya 6 na ya 9. B.B. King hapigi noti nyingi. Anaweka kidole juu ya uzi, anaugonga, kisha anausukuma pembeni juu ya shingo ya gita. Uzi unakazika na sauti inapanda taratibu, ikisimama mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Akifika hapo kiganja kinatetemeka haraka, kidole kikibaki palepale, na noti ile moja inatoa mlio wa mtu anayezuia kilio. Alieleza kwamba alianza hivyo kwa kujaribu kumwiga binamu yake, Bukka White, aliyetelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Kuteleza kwenyewe kulimshinda, akatafuta njia ya kupata mlio ule kwa kidole kitupu. Fundi yeyote ataelewa jambo hili: kifaa kimekosekana, kazi imetoka bora zaidi.

Upande wa kwanza unaanza kwa mbio, halafu nyimbo tatu za taratibu zinafuatana bila kukatika. Ya mwisho kati ya hizo ni How Blue Can You Get. Kabla ya kuimba anawaomba watu wasikilize maneno, si uimbaji wake wala bendi. Halafu anaanza kumhesabia mwanamke wake aliyompa, gari, chakula, mahali pa kukaa, na kila kitu mama yule amekitia dosari. Bendi inasimama, inagonga mara moja, inasimama tena, kila zawadi na pigo lake. Anapofika kwenye watoto saba ambao mwanamke sasa anataka kuwarudisha, ukumbi unalipuka. Kina mama wa Chicago wanapiga kelele ambazo ukizisikia unajua kabisa wanamjua mtu wa namna hiyo.

Hapo ndipo ugomvi wetu ulipozuka. Kijana wa midundo aliandika 6. Kelele zile, akasema, zinaharibu rekodi. Angekuwa yeye angezipunguza hadi zisikike kwa mbali. Mangi wa tarumbeta alikaribia kusimama. Alimwambia asikilize tena yale matarumbeta, moja la shaba na saksafoni mbili, yanavyopumua. Wapulizaji hawaingii kwa kuhesabu tu, alisema, wanangoja kelele ishuke kidogo ndipo wanaingia, kwa hiyo ukumbi ni sehemu ya bendi. Nilirudisha sindano. Ni kweli. Na gita la King linafanya vilevile: likipata kelele linanyamaza, likipata kimya linatia noti mbili tu, na watu wanalia upya.

Upande wa pili ulimgeuza kijana kidogo. Worry, Worry inafunguliwa kwa gita peke yake kwa muda mrefu kabla ya neno la kwanza, na pale aliandika 10 kwa mkato mzito. Mwalimu alikuwa mkavu hadi Help the Poor, wimbo wa mwisho, wenye mdundo unaonukia rumba. Mguu wake ulianza kwenda kabla yeye mwenyewe hajajua. Alama za santuri nzima zilikuwa 7 ya mwalimu, 9 ya mangi, 8 ya mama wa kwaya, 8 ya mke wangu, na kijana akapanda hadi 7 na nusu. Mimi nilitoa 9. Ile moja niliizuia kwa sababu ya nyimbo mbili tatu za haraka ambazo naziona kama za kupitisha muda, ingawa najua wapo watakaoniona mchoyo.

Kwa msomaji atakayesema bluzi haituhusu, nitamkumbusha Kinshasa. Septemba 1974 B.B. King alipanda jukwaani kule, katika tamasha lililotangulia pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Pambano lilisogezwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa kuwa Foreman alipasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, lakini muziki haukungoja. King alipiga katika tamasha moja na Franco na TPOK Jazz, na Tabu Ley. Gita la Mississippi na gita la Kongo yalikutana kama ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili.

Baada ya kujifunza kusikiliza namna hii, tulianza kugeuza masikio kwetu, na hapo kipimo changu cha "gita linalongoja zamu" kilipata mtihani. Tulianza na Masanga ya Jean-Bosco Mwenda, Mkatanga aliyeimba Kiswahili, iliyorekodiwa na Hugh Tracey kule Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mwenda hangoji zamu kamwe. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinacheza wimbo juu yake, na gita halisimami. Mtu mmoja, gita moja, na unaweza kuapa wapo wawili. Kijana alitaka kumshusha kwa sababu tulishakubaliana kwamba kungoja ndiko ufundi. Mwalimu alimzuia: B.B. King ana bendi nyuma yake ya kushikilia wimbo akinyamaza, Mwenda hana mtu. Akiacha, nyumba inaanguka. Kwa hiyo kwa Mwenda tunapima kama kila kidole kinasema lake bila kumkanyaga mwenzake, na kwa kipimo hicho wote tuliandika 9 na kuendelea.

Kisha Frank Humplick, wa hapahapa Moshi, aliyezaliwa mwaka 1927. Katika miaka ya 1950 aliingia kwenye santuri na dada zake, yeye akicharaza gita na wote wakiimba. Inaniuma kwamba watoto wa mji huu wanaweza kukutajia wapiga gita watano wa Ulaya na wasimjue yeye. Gita lake ni jepesi, safi, limekaa chini ya sauti za dada zake kwa adabu kubwa, na likipata mwanya linajipenyeza kwa noti tatu nne na kurudi mahali pake. Mama wa kwaya alimpa alama ya juu kuliko aliyompa B.B. King, na alitaja mahali, kwa hiyo hatukuweza kumrudishia karatasi.

Lakini anayestahili kuwekwa moja kwa moja kando ya King ni Mbaraka Mwinshehe. Mwimbaji na mpiga solo ndani ya mwili mmoja. Alizaliwa mwaka 1944, akaibeba Morogoro Jazz hadi maonyesho ya Expo 70 kule Osaka, Japani, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, hata miaka 35 hajafikisha. Solo lake lina subira ileile ya kumngoja mwimbaji amalize, na mwimbaji ni yeye.

Kumpa alama ndiko kunakotushinda, na sababu si ya ufundi wake. Bendi zetu za wakati ule zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam au Nairobi, na santuri zilichapwa Kenya, nyingi zikiwa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haubebi wimbo wa dansi ukaisha. Basi wimbo ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, na upande wa pili, baada ya kuigeuza, gita linafunguliwa na wachezaji wanaachiwa uwanja. Kwa hiyo muziki mtamu kuliko wote wa Mbaraka uko upande ambao wengi hawakuugeuza. Zile santuri kubwa za Ukumbusho zilikusanywa kutoka kazi zake za nyakati mbalimbali; hakukaa akazipanga kama King alivyopanga usiku mmoja pale Regal. Je, mkusanyiko kama huo unapewa alama moja? Mangi anasema ndiyo, santuri ni santuri. Mimi nasema tupime wimbo mmojammoja, pande zote mbili pamoja. Mwalimu naye ameweka sharti kwamba hakuna alama itakayoandikwa mpaka vipande vyote viwili visikike bila kusimama, na kijana amejitolea kuviunganisha kwenye kompyuta yake. Nimemruhusu, ila mikwaruzo asiiguse, maana nimeshamwona akiifuta pamoja na mlio wa kidole kikiteleza juu ya uzi.