Magari mia tatu Basotu: nani atabaki na fedha?

Katikati ya Oktoba 2024 Arusha ilikuwa ya Land Rover. Mkuu wa Mkoa wa wakati huo, Paul Makonda, alikuwa ametangaza lengo la kukusanya magari elfu moja na kuipita rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover, iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Mkusanyiko ulifanyika viwanja vya Magereza, Kisongo, uwanja wa ndege ukiwa jirani na jiji lenye gereji za kila aina likiwa nyuma tu. Kwa mwandaaji, mahali kama hapo nusu ya kazi imeshafanyika.

Lakini wenye magari ya porini wana tabia yao. Wape lami mwaka wa kwanza na wa pili, wa tatu watauliza tope liko wapi. Tope lipo Basotu. Ukifika Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, unaiacha barabara kuu ya Babati na Singida na kuingia kwenye vumbi, mlima wa mita 3,417 ukibaki nyuma yako. Mbele ni tambarare ya mashamba ya ngano, vilima vidogo, na Ziwa Basotu lililokaa kwenye shimo la volkano ya zamani, viboko wakiwa humo. Udongo wa tambarare hiyo ni mweusi, mfinyanzi. Kiangazi unapasuka, masika unameza tairi hadi difu. Mtu mwenye foo-wili hahitaji maelezo zaidi.

Na sababu ya kuandaa sherehe ya magari huko haiko mbali. Toyota ilitoa Haisi ya kwanza mwaka 1967, kwa hiyo mwaka 2027 gari hilo linatimiza miaka 60. Wazungu wana mabasi yao madogo wanayoyasherehekea. Mwaka 2007 Volkswagen ilikusanya maelfu ya mabasi yake mjini Hanover kuadhimisha miaka 60 tangu wazo lake lichorwe karatasini, na wapenzi wa Syncro, lile la foo-wili lililoanza kuundwa Graz, Austria, mwaka 1985, hawakosi kukutana kila inapofika miaka ya kutimia. Huku kwetu gari lililobeba watu kwenda shule, mnadani, hospitali na mazikoni ni Haisi, na baadaye Noah ikajiunga. Nyingine hutoka Japani na foo-wili yake tayari. Ni ajabu kwamba Land Rover imepata tamasha kabla ya gari ambalo karibu kila Mtanzania ameshawahi kubanwa ndani yake.

Tuseme basi kuna chama cha wapenzi kinataka kuleta magari mia tatu Basotu kwa siku tatu, katikati ya 2027: Haisi na Noah za foo-wili, Land Rover za zamani zinazokaribishwa kwa heshima ya umri, na magari ya watalii yaliyorefushwa na kuinuliwa paa, kazi ambayo mafundi wa Arusha, kampuni ya Hanspaul ikiwemo, wameifanya kuwa kiwanda kamili. Nani atapata nini?

Tuanze na mafuta, maana ndiyo matumizi makubwa. Arusha hadi Basotu na kurudi, pamoja na kuzungukazunguka porini, si chini ya kilomita 600. Haisi yenye afya itakunywa lita 60, Land Rover ya zamani itapita 80. Tuweke wastani wa lita 70 kwa gari. Hizo ni lita 21,000, na kwa bei ya kukadiria ya shilingi 2,800, ni karibu shilingi milioni 59. Basotu itaona kiasi gani cha fedha hizo? Karibu hakuna. Dereva mwenye akili anajaza Arusha, anaongeza Babati, anamalizia Katesh. Bei kikomo inatangazwa na EWURA kila mwezi, kwa hiyo hata muuzaji wa Katesh hawezi kujipandishia kwa sababu wageni wamekuja, na faida yake kwa lita ni ndogo. Kuuza mafuta kwa madumu pembeni ya kambi ni kosa kisheria, na kwenye nyasi kavu na majiko ya mkaa ni hatari inayoonekana bila kuelezwa. Masharti nafuu ya vituo vya mafuta vijijini yapo, ila hakuna atakayejenga kituo kwa ajili ya siku tatu.

Sasa angalia mbuzi. Watu watatu kwa gari ni watu 900. Mbuzi mmoja wa kuchoma akila watu ishirini, ni mbuzi 45 kwa siku, 135 kwa sherehe nzima. Kwa shilingi laki moja mmoja, bei ambayo mfugaji wa huko ataibishia kidogo kisha aikubali, hiyo ni milioni 13 na nusu, na fedha hizo zinaingia kwenye mfuko wa mfugaji wa Kibarabaig au Kiiraqw bila kupitia Arusha. Ongeza kitunguu swaumu kutoka Mbulu, samaki wa ziwani, chapati za mama lishe na unga wa ngano. Sasa linganisha na ada ya uwanja: kijiji kikitoza shilingi 30,000 kwa gari, kinapata milioni 9. Nyama imeishinda ardhi. Viongozi wengi wa vijiji wanapokaa mezani na waandaaji hutumia saa nzima kubishania ada ya uwanja, kisha wanamwacha mwandaaji aje na mpishi wake, friji zake na nyama ya bucha ya mjini. Mkataba ungeanzia jikoni.

Mfano wa Kenya unafundisha hapa. Rhino Charge, iliyoanza 1989, ni mashindano ya siku moja ambapo magari machache yanatafuta vituo 13 ndani ya eneo la kilomita za mraba kama mia moja, kwa saa kumi, na anayeshinda ni aliyekwenda umbali mfupi zaidi, hata ikibidi kupita juu ya mawe. Mahali pa mashindano hufichwa hadi siku chache kabla. Kila timu inaingia kwa kuchangisha fedha, na michango hiyo ndiyo iliyosukuma ujenzi wa uzio wa umeme wa hifadhi ya Aberdare, kama kilomita 400, uliokamilika 2009. Kwa uhifadhi ni biashara iliyofanikiwa kuliko nyingi. Lakini usiri wa mahali una gharama yake kwa wenyeji: mama lishe hawezi kuweka unga kwa sherehe asiyoijua iko wapi, na mfugaji hawezi kunenepesha mbuzi kwa wiki moja. Mkusanyiko wa Basotu usiige hilo. Utangazwe miezi kadhaa kabla.

Kumbukumbu za mikoa hii na magari ni za zamani kuliko Haisi yenyewe. Mashindano ya kwanza ya magari ya Safari, yale yaliyoandaliwa 1953 kwa kutawazwa Malkia Elizabeth, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka iliyofuata njia za Mbulu na mteremko wa Magara ziliogopwa na madereva wa mashindano. Baada ya miaka ya mwanzo ya 1970 mashindano yalibaki Kenya peke yake. Kisha mwaka 2003, kuadhimisha miaka 50, ikaandaliwa Safari Classic ya magari ya zamani. Ilikusudiwa kuwa kumbukumbu, ikawa biashara: imekuwa ikirudi mara kwa mara tangu hapo na imeingia Tanzania zaidi ya mara moja. Wanaokuja wanabeba mafundi wao, spea zao na mara nyingine helikopta. Kwa mwenye kibanda cha chai njiani ni vumbi na honi.

Hilo la mafundi ndilo linaloweza kubadilishwa kwa urahisi. Gari la porini likikusanyika na wenzake, kitu kinakatika: shokapu, springi, bomba la maji, beringi. Basotu na Katesh zina watu waliojifunzia kazi kwenye mitambo ya ngano. Mradi wa ngano wa Tanzania na Canada ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 chini ya shirika la NAFCO ulifika mashamba saba na ekari karibu laki moja, ukaleta matrekta, kombaini na karakana. Ubinafsishaji umepita, lakini mtu aliyewahi kufufua kombaini katikati ya mavuno haogopi injini ya Haisi. Matrekta yapo pia. Gari likizama, trekta la mkulima ndilo winchi ya kwanza, na bei ya kuvuta inatakiwa ibandikwe kwenye ubao getini. La sivyo, dereva wa Dar es Salaam aliyekwama saa tatu usiku atatajiwa bei ya usiku.

Maji yatatafuna bajeti kuliko muziki. Watu 900, lita 20 kila mmoja kwa siku, ni lita 18,000, karibu maboza mawili ya lita elfu kumi kila siku. Kuchota kutoka bomba la kijiji bila makubaliano na RUWASA ni kuwanyang'anya wenyeji ndoo. Ziwa nalo si kisima cha sherehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na bado kila mkusanyiko wa magari una kijana mmoja anayeona ufuo ni mahali pazuri pa kuoshea gari. Viboko wa Basotu wanaweza kumweleza tofauti, lakini mwandaaji asiwategemee. Vyoo vichimbwe au vikodishwe mbali na maji, na gharama yake iandikwe mapema, kwa sababu katika bajeti za sherehe ndiyo huwa ya kwanza kufutwa.

Wageni kutoka Kenya wataingia Namanga, ambako kituo cha pamoja cha mpaka kilizinduliwa rasmi mwaka 2018. Gari linahitaji kibali cha muda na bima inayovuka mpaka, ile Kadi ya Njano. Msafara barabarani unahitaji kibali cha polisi. Mauzo ya tiketi yanahitaji risiti ya mashine ya TRA, na VAT inamsubiri mwandaaji ambaye mauzo yake yamemfikisha kwenye kiwango cha kusajiliwa. Hakuna jipya hapo, ni kazi ya mtu mmoja makini na faili lake. Jambo moja la kukumbuka: Arusha imejiandaa kupokea mechi za AFCON 2027, na chumba cha kulala njiani kinaweza kuwa adimu au ghali wakati huo. Wanaolala ndani ya gari lao wana bahati.

Ardhi ndiyo sura nzito ya hesabu hii, na mwandaaji kutoka mjini ndiye anayeielewa kidogo kuliko wote. Anaona uwanda mtupu. Wabarabaig wanaona malisho, njia za ng'ombe na makaburi ya wazee wao. Mashamba ya ngano yalipopanuliwa, wenyeji wa Mulbadaw waliipeleka NAFCO mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki, kisha Mahakama ya Rufani mwaka 1985 ikaigeuza hukumu kwa sehemu kubwa. Kesi hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa sheria ya ardhi, na wazee hawahitaji kuisoma. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Anayepeleka bahasha kwa mwenyekiti akadhani amekodi uwanda, amenunua ugomvi. Makubaliano yasomwe mkutanoni, fedha ziingie akaunti ya kijiji, na njia za magari zichorwe na watu wanaojua kaburi liko wapi. Na baada ya maporomoko ya Desemba 2023 chini ya Mlima Hanang, yaliyoua zaidi ya watu 80, hakuna wa Katesh atakayecheka mtu anayeuliza kambi itafanya nini mvua ikinyesha usiku.

Ikabaki tarehe. Masika hapana, hata kwa wanaolipenda tope, maana magari mia tatu kwenye udongo mweusi uliolowa yataacha mifereji ambayo mkulima atailima kwa miaka. Wakati wa mavuno malori ya ngano yameshika barabara. Ngano ikishavunwa kuna nafasi ya wiki chache, mashamba yakiwa na mabua na ardhi ikiwa ngumu, lakini mabua hayo ni chakula cha ng'ombe, na tairi hazilali juu yake bure. Fidia ya malisho, kwa ekari, iwe mstari wake peke yake kwenye mkataba, tofauti na ada ya uwanja. Barua ya kwanza ifike ofisi ya kijiji Januari, kabla mkulima hajaamua ekari zipi atazilima na zipi ataziacha.