Alama za filamu zilivyomfichua mtazamaji

Mtu anapoipa filamu moja nyota tano na nyingine nyota moja, huenda akadhani ametoa maoni kuhusu filamu hizo tu. Kwa kompyuta, hata hivyo, alama hizo ni habari zinazomhusu yeye mwenyewe.

Jambo hilo lilidhihirika nchini Marekani kufuatia shindano lililozinduliwa na kampuni ya Netflix mwezi Oktoba mwaka 2006. Wakati huo kampuni hiyo ilikuwa ikikodisha filamu za DVD kwa njia ya posta. Iliahidi dola milioni 1 kwa yeyote ambaye angebashiri alama za wateja kwa usahihi unaoupita ule wa mfumo wake kwa asilimia 10.

Washindani walipewa alama zaidi ya milioni 100, zilizotolewa na wateja wapatao 480,000 kwa filamu 17,770. Majina ya wateja yaliondolewa, na mahali pake zikawekwa namba.

Kompyuta haina haja ya kuitazama filamu. Huwatafuta watu ambao alama zao zimefanana kwa filamu nyingi, kwani alichokipenda mmoja yaelekea mwenzake atakipenda pia. Huzingatia vilevile kwamba wapo wakarimu wa nyota na wapo wagumu: nyota tatu za mtu mgumu zaweza kuwa sifa kubwa. Mbinu nyingine huchambua sifa zilizojificha ndani ya alama zenyewe, kama vile wingi wa vichekesho, kisha hupima jinsi kila mtazamaji anavyovutiwa nazo.

Mwezi Septemba mwaka 2009 tuzo hiyo ilikabidhiwa kundi la BellKor's Pragmatic Chaos. Wapinzani wao, The Ensemble, walifikia kiwango hicho hicho, lakini waliwasilisha kazi yao dakika 20 baadaye.

Hata hivyo, kabla ya hapo wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walikuwa wamekwisha kutoa onyo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walionyesha kuwa anayejua alama nane za mteja, hata kama mbili si sahihi, pamoja na tarehe zake kwa kukosea hadi wiki mbili, angeweza kuitambua kumbukumbu ya mteja huyo kwa asilimia 99. Kutokana na orodha ya filamu, walisema, huweza kukisiwa hata msimamo wa mtu katika siasa.

Kesi ilifunguliwa mwezi Desemba mwaka 2009, na Machi mwaka 2010 Netflix ikaachana na mpango wa shindano la pili. Mwaka 2017 kampuni hiyo iliziondoa nyota, ikaweka alama ya kidole gumba.

Funzo lililobaki ni kwamba kufuta jina hakutoshi kumficha mtu, ikiwa yale aliyoyapenda na kuyachukia yameachwa wazi.