Sanaa ya Kuchezwa na Umma: Simu, Skrini na Meseji

Sanaa shirikishi ya kidijitali ni ile ambayo haikamiliki mpaka umma uingie kucheza. Msanii hubuni mchezo, huchagua chombo na kuweka masharti. Wapita njia na watazamaji ndio wanaoijaza kazi kwa sauti, maandishi au michoro yao. Vyombo vyenyewe ni vya kila siku: simu, meseji, kamera na intaneti. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, kwa kuwa anayejua kupiga simu hahitaji kufundishwa chochote kabla ya kushiriki.

Mbegu zake zilipandwa kabla intaneti haijaenea. Novemba 1980, wasanii wa Marekani Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz waliunganisha New York na Los Angeles kwa setilaiti kwa jioni tatu, katika kazi iitwayo Hole in Space. Katika kila mji picha kubwa ilionekana kwenye dirisha linalotazama barabara, na wapita njia wakajikuta wakizungumza na watu wa upande wa pili, waliotokea kwa kimo chao halisi. Hakukuwa na tangazo wala bango la maelezo. Jioni ya kwanza watu walishangaa na kuulizana wako wapi. Ya pili walikuja waliosikia habari kwa wenzao. Ya tatu, ndugu na marafiki waliotenganishwa na bara zima walikuwa wamepanga kukutana hapo. Hakuna aliyewaelekeza, matumizi hayo waliyagundua wenyewe.

Simu za mkononi zilipoenea, ushiriki ulihamia mfukoni. Septemba 2001, katika tamasha la Ars Electronica mjini Linz, Austria, Golan Levin na wenzake walipiga muziki kwa simu za hadhira. Kila mtazamaji alisajili namba yake, akapewa mlio mpya na kiti maalumu. Kwa kuwa kompyuta ilijua nani kakaa wapi na simu yake inalia vipi, wanamuziki walizipigia simu hizo kutoka jukwaani na kuufanya muziki usafiri kutoka kona moja ya ukumbi hadi nyingine.

Mwezi huohuo, wataalamu wa kompyuta wa Chaos Computer Club, waliokuwa wakiadhimisha miaka 20 ya chama chao, waliligeuza jengo la Haus des Lehrers mjini Berlin kuwa skrini. Nyuma ya kila dirisha la ghorofa nane za juu, jumla madirisha 144, iliwekwa taa. Kompyuta iliiwasha na kuizima kila taa peke yake, hivyo kila dirisha likawa nukta moja ya picha. Mtu aliyesimama uwanjani Alexanderplatz alipiga namba fulani na kucheza Pong, mchezo wa kompyuta unaofanana na tenisi, akisogeza kibao chake kwa vitufe vya simu. Asipopatikana mpinzani, kompyuta ilicheza naye. Wengine walichora picha zinazotembea kwa programu ya bure, wakazituma. Mwenye ujumbe wa mapenzi alipewa namba ya siri: alimleta mpenzi wake mbele ya jengo, akapiga simu, akaibonyeza namba hiyo, na barua yake ikawaka ghorofani mji mzima ukiona.

Mwaka 2013 mjini Bristol, Uingereza, kazi ya Hello Lamp Post iliyobuniwa na PAN Studio ilitumia namba za utambulisho zilizokuwa tayari kwenye nguzo za taa, masanduku ya posta na vituo vya basi. Mtu alituma meseji ya salamu yenye jina la kitu na namba yake. Kitu hicho kiliamka, kikamuuliza swali na kuhifadhi jibu lake. Aliyefuata aliweza kuelezwa yaliyosemwa kabla yake, na mazungumzo ya watu wasiofahamiana yakajengeka mtaani.

Kazi hizi zina misingi mitatu. Kwanza, mlango uwe mpana: kushiriki kuanze kwa tendo ambalo mtu amelizoea. Pili, jibu lije upesi, ili mshiriki aone kuwa tendo lake limebadilisha kitu. Tatu, masharti yawe machache lakini wazi. Yakizidi, mshiriki huwa mtekelezaji tu, na yakikosekana, hajui aanzie wapi.

Mipaka pia ipo. Asiye na simu au salio hubaki mtazamaji. Namba na majibu ya washiriki ni taarifa binafsi zinazohitaji ulinzi, na matusi lazima yaandaliwe njia ya kuzuiwa. Isitoshe, teknolojia huchakaa haraka: simu za mwaka 2001 zimeshapitwa na wakati. Kwa hiyo kuhifadhi kazi ya namna hii ni kuhifadhi programu yake, masharti ya mchezo na kumbukumbu za yale watu waliyoyafanya. Kumbukumbu hizo ndizo zenye uzito zaidi, kwa kuwa vifaa vinaweza kuundwa upya, lakini matendo ya umma ule hayarudiwi.