Mzazi Anayetoa Figo Naye Awe na Mtetezi Wake

Mkesha wa Krismasi mwaka 1952, katika hospitali ya Necker jijini Paris, mama mmoja alitolewa figo ili apandikizwe mwanawe wa miaka 16, aliyekuwa ameanguka kazini na kuipoteza figo yake pekee. Mama mwenyewe ndiye aliyewasihi madaktari. Figo ile ilifanya kazi kwa takriban wiki tatu, mwili wa kijana ukaikataa, naye akafariki. Dawa za kushusha kinga zimebadili mno mambo tangu hapo, na tangu Novemba 2017 upandikizaji wa figo kutoka kwa ndugu walio hai unafanyika katika hospitali ya Muhimbili nchini Tanzania, badala ya kila familia kutazamia India. Hatua hiyo ni kubwa. Lakini macho yetu yote yako kwa mtoto anayepokea, na mzazi aliyelazwa wodi ya pili tunamchukulia kama chanzo cha figo tu. Naye ni mgonjwa, na anahitaji mtu wa kumtetea asiyekuwamo katika timu ya madaktari wa mtoto.

Wapo watakaosema kumuuliza mzazi kama kweli anataka ni kumtukana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nakubali. Ila uchungu huohuo ndio unaomziba mdomo. Baba aliyeketishwa mbele ya wakwe na wazee wa ukoo atasema ndiyo hata kama ana watoto wengine wanne wanaotegemea mikono yake. Kwa hiyo aulizwe akiwa peke yake, na akisita, familia iambiwe tu kwamba hafai kutoa. Huo si uongo, kwa sababu asiye na hiari hafai. Nchini Marekani, tangu 2007, hospitali zinazopandikiza viungo kutoka kwa watu walio hai zinatakiwa kumpa mtoaji mtetezi wa namna hiyo.

Je, kuzitaja hatari hakutawatisha watu? Takwimu zenyewe hazitishi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2010 ulikuta kwamba watoaji wapatao 3 kati ya 10,000 walifariki ndani ya siku 90 baada ya upasuaji. Mwingine wa 2014 ulikadiria kwamba figo iliyobaki hufeli kwa watoaji 31 hivi kati ya 10,000 ndani ya miaka 15, dhidi ya 4 kwa watu wenye afya kama yao wasiotoa. Wazazi wakiambiwa hayo, wengi bado watatoa. Gumu zaidi kulisema ni kwamba figo hiyo kwa kawaida hudumu miaka 15 hadi 20, hivyo mtoto wa miaka minane huenda akahitaji nyingine akiwa kijana, na mzazi hatakuwa na ya kumpa. Hilo lizungumzwe kabla ya kisu.

Na pasiwe na kisingizio cha uchache wa mabingwa. Ofisa ustawi wa jamii au muuguzi aliyefundishwa anaweza kuwa mtetezi, na hospitali ya wilaya inaweza kumpima mtoaji presha, mkojo na kreatinini kila mwaka. Kinachotakiwa ni faili lenye jina lake mwenyewe, lisilofungwa siku nyuzi zinapotolewa.