Kelele za Injini Iliyolala Miaka Mingi

Wako watu wengi katika nchi yetu walioachiwa na wazee wao motokaa za zamani. Nyingine zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba, nyingine zimo ghalani pamoja na magunia ya mahindi, na kuku hutaga juu ya viti vyake. Siku moja kijana wa nyumba hupata betri mpya, hutia petroli kidogo, akaiwasha. Injini hunguruma, kisha husikika kitu kikigonga ndani. Hapo ndipo watu wanapopoteza mali yao. Wengine huiuza motokaa kwa bei ya vyuma chakavu, na wengine hulipa fedha nyingi injini nzima ifunguliwe, kumbe ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo. Napenda kuwaeleza wasomaji yaliyotupata sisi, ili wajue namna ya kuisikiliza injini kabla ya kufungua mfuko.

Marehemu baba yangu mkubwa alikuwa na Morris Minor 1000 ya mwaka 1960. Motokaa za namna hii zilibuniwa na Alec Issigonis, zikaonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1948. Na zilipokoma kutengenezwa mwaka 1971, zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 1.6. Injini ya motokaa yetu ina silinda 4, na ukubwa wake ni sentimeta za ujazo 948. Mzee alifariki mwaka 2008, nayo ikasimama ghalani kule Karatina hadi mwaka 2021, mama mkubwa alipotamani ipelekwe kwenye arusi ya mjukuu wake.

Tuliiwasha kwa pupa, nayo ikagonga kwa nguvu. Fundi tuliyemwita alisikiliza kitambo kidogo tu, akasema beringi za kranki zimekwisha, na yapasa injini itolewe yote. Fedha alizotaka hazikuweza kupatikana ila kwa kuuza ng'ombe, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya watoto wawili. Mama mkubwa aliniambia, "Mwanangu, kama ndiyo hivyo, ng'ombe na auzwe." Nilimwomba anipe siku tatu.

KABLA YA KUWASHA

Nilimwendea mzee mmoja jirani, aliyefanya kazi ya ufundi wa motokaa tangu ujana wake hata akastaafu. Aliposikia habari, jambo la kwanza alilofanya ni kutulaumu. "Mliiamsha kama mwizi avunjavyo mlango," alisema.

Alitueleza kwamba injini ikikaa bila kuzunguka, oili yote huteremka chini, na beringi hubaki kavu. Pete za pistoni hushikwa na kutu ndani ya silinda. Petroli ya zamani hugeuka kuwa kama gundi, ikaziba kabureta na kuzinasa vali. Kwa hiyo, yafaa kwanza kumwaga oili ya zamani na kutia mpya, kutazama maji, kuondoa petroli iliyochacha, na kuangalia kama panya hawakujenga katika chujio la hewa. Kisha toa plagi zote 4, utie oili kiasi cha kijiko kimoja katika kila silinda, uache usiku kucha. Kesho yake zungusha injini polepole kwa hendeli. Ikikataa, usiilazimishe. Ikizunguka vizuri, izungushe kwa starta plagi zikiwa bado nje, hata taa ya oili izimike. Ndipo urudishe plagi na kuwasha, tena mahali penye hewa, maana moshi wa injini katika ghala lililofungwa huua mtu.

KELELE I WAPI?

Baada ya kuyafanya hayo yote, tuliiwasha tena kwa dakika chache. Kelele ilikuwapo bado. Mzee aliondoa mkanda wa feni na kuiacha injini ifanye kazi chini ya dakika moja. Alisema, "Kama kelele ingalikoma, tungalijua ni pampu ya maji au dinamo." Haikukoma.

Kisha alishika bisibisi ndefu, ncha yake juu ya injini na mpini wake sikioni, kama daktari asikilizavyo kifua cha mgonjwa. Upande wa chini palikuwa na utulivu. Mbele, kwenye cheni ya kamshafti, palikuwa na mkwaruzo kidogo tu. Lakini juu, penye kifuniko cha vali, iligonga sana. Zaidi ya hayo, alitufundisha kuhesabu. Kamshafti huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo kelele ya vali huja polepole kuliko ile ya kranki. Kelele ya beringi za kranki ni nzito, hutoka chini, na huzidi injini inapovuta mzigo.

Mwisho, alitoa waya za plagi moja moja kwa koleo yenye mpini wa mpira, akirudisha kila moja kabla ya kugusa nyingine. Kama beringi ya mkono wa pistoni imekwisha, kugonga hupungua silinda yake inaponyimwa moto. Hakukupungua. Lakini alipoutoa waya wa silinda ya 3, mwendo wa injini haukubadilika hata kidogo. Akatabasamu, akasema, "Huyu hakuwa akifanya kazi tangu mwanzo."

UGONJWA WENYEWE

Tulipofungua kifuniko tuliona kwa macho yetu. Vali ya 5, ile ya kutolea moshi katika silinda ya 3, ilikuwa imenata. Siku ile tulipoiwasha kwa pupa, fimbo yake ya kusukumia ilipinda, pakawa na nafasi kubwa, na roka ikawa ikipiga kama nyundo. Mzee alitia oili iliyochanganywa na mafuta ya taa kwenye shina la vali, na asubuhi, baada ya kuishusha pistoni, aliigonga kidogo kwa kipande cha mti hata springi ikairudisha yenyewe. Fimbo nyingine tuliinunua Nairobi.

Kisha tulipima nafasi za vali zote 8 injini ikiwa baridi, kila moja inchi 0.012, yaani karibu milimita 0.3. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: hesabu zijumlishwe zifike 9. Vali ya 5 hupimwa wakati ya 4 imefunguka kabisa. Ya 1 hupimwa wakati ya 8 imefunguka, na kadhalika.

Sisemi kwamba kila kelele ni ndogo. Ikiwa kugonga ni kuzito na kunatoka chini, au taa ya oili haizimiki, zima injini mara moja, wala usiiwashe tena. Hapo fundi akisema injini ifunguliwe, anasema kweli. Lakini mwulize: Kelele inatoka wapi? Inazidi wakati gani? Umejuaje? Fundi mwema hatachukizwa na maswali hayo.

Gharama yetu ilikuwa fimbo moja, oili, plagi mpya, na nauli ya kwenda Nairobi. Mama mkubwa alikwenda arusini ameketi kiti cha mbele, na jioni aliporudi alikwenda kukama ng'ombe wake.